Shomoro wa Tano



Katika sura ya kumi na mbili ya Injili ya Luka, Bwana wetu anataka kuwaondolea wanafunzi wake hofu, naye anauchukua mfano wake sokoni. Anawataja shomoro, ndege wadogo waliokuwa kitoweo cha maskini, ambao mtu aliweza kuwapata watano kwa sarafu mbili ndogo. Kisha anafundisha kwamba Mungu anamkumbuka kila mmoja wao. Mwinjili Mathayo naye analeta fundisho hilohilo, ila kwake shomoro ni wawili kwa sarafu moja.

Tuziweke hesabu hizo mbili pamoja. Ikiwa sarafu moja hununua shomoro wawili, basi sarafu mbili zilipaswa kununua wanne. Huyu wa tano ametoka wapi? Kila mama aendaye sokoni anajua jibu. Huyo ni nyongeza. Muuzaji amemtupia mnunuzi ndege mmoja juu ya wale wanne, kama vile muuza nyanya anavyoongeza moja juu ya fungu ili mteja arudi kesho. Shomoro wa tano hana bei. Na Bwana wetu anasema kwamba hata huyo, ambaye sokoni si kitu, mbele ya Mungu hakusahauliwa.

Leo, wapendwa, napenda tumtafakari huyo shomoro wa tano, kwa sababu katika siku zetu viumbe wengi wa porini wanatoweka duniani kwa kazi ya mikono ya wanadamu. Mwaka 2019 jopo la wataalamu kutoka mataifa mengi lilitoa taarifa iliyokadiria kwamba aina zipatazo milioni moja za wanyama na mimea zimo katika hatari ya kutoweka. Walizitaja sababu kuu tano: kubadilisha matumizi ya ardhi na bahari, kuwinda na kuvuna kupita kiasi, mabadiliko ya tabianchi, uchafuzi, na kuingizwa kwa viumbe wageni mahali pasipo pao. Zote tano zina alama ya mkono wa mtu.

Lakini kwa Mkristo kuzijua sababu hizo hakutoshi. Hana budi kuuliza pia: ni moyo wa namna gani unaoutuma mkono kutenda haya? Nami nawaambia kwamba ni moyo ule unaopima kila kitu kwa bei. Moyo huo huua kwa njia mbili. Mnyama mwenye bei humwua kwa ajili ya bei yake. Na mnyama asiye na bei humwua kwa sababu hana bei. Tuangalie njia hizo moja moja.

Njia ya kwanza tunaijua sana. Chukueni mfano wa faru mweusi. Pembe yake haina maajabu yoyote. Imefanyika kwa kitu kilekile kilichofanya kucha zetu na nywele zetu. Lakini huko Yemen ilitamaniwa kwa ajili ya mipini ya majambia ya fahari, na katika nchi za mashariki ya Asia ilitafutwa kwa ajili ya dawa za jadi. Hivyo ikapata bei kubwa. Mwaka 1970 faru weusi katika Afrika nzima walikadiriwa kuwa 65,000 hivi. Kufikia mwaka 1995 hawakufika hata 2,500. Yaani, katika muda wa miaka 25, mtoto aliyezaliwa hajamaliza hata ujana wake, katika kila faru 100 walikuwa wametoweka 96. Faru aliuawa, pembe ikakatwa, na mwili mzima ukaachwa uoze.

Tembo naye amepita katika tanuru hilohilo. Hapa Tanzania tembo walikadiriwa kuwa takriban 109,000 mwaka 2009; mwaka 2014 walihesabiwa kama 43,000 tu. Meno yao yalikwenda mbali, yakawa mapambo katika nyumba za watu ambao labda hawajapata kumwona tembo akimnyonyesha ndama wake.

Uovu huu ni rahisi kuutambua. Una bunduki, una mlanguzi, una fedha zinazopita chini ya meza. Sheria inaweza kuukamata, na mara nyingine huukamata. Tumshukuru Mungu kwa askari wa wanyamapori, ambao baadhi yao wametoa uhai wao wakiwalinda viumbe hawa. Kwa jasho lao na la wengine wengi, faru weusi wa Afrika wameongezeka tena na kupita 6,000. Tuwakumbuke katika sala zetu, wao na wajane wao na yatima wao.

Njia ya pili ni ya kimya zaidi, na ndiyo inayotuhusu wengi wetu tusiopata kushika bunduki. Ili tuielewe, twende katika milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Morogoro na Iringa. Huko mto Kihansi unatoka nyanda za juu na kuporomoka genge kwa genge kuelekea bonde la Kilombero. Tangu kale maji yale yalipopiga miamba yalirusha manyunyu, na manyunyu hayo yaliilowesha miteremko ya korongo usiku na mchana, masika na kiangazi. Katika majani yale yaliyolowa daima, mahali padogo kuliko mashamba ya mkulima mmoja mwenye nafasi, aliishi chura mdogo mwenye rangi ya manjano ya dhahabu. Urefu wake hauzidi sentimita tatu. Hatagi mayai majini kama vyura wengine, bali huzaa watoto walio hai, wadogo mno. Hakuna mahali pengine popote duniani palipoonekana chura wa aina hiyo, ila katika korongo lile moja. Hata jina alilopewa na wataalamu kwa Kilatini linataja manyunyu, maana bila manyunyu hakuna chura huyu.

Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Lakini wakati huo ujenzi wa bwawa la kuzalisha umeme ulikuwa umekwisha kuanza. Taifa lilihitaji umeme, na Kihansi ungeweza kutoa megawati 180. Kwa hiyo chura huyu alijulikana kwetu wakati maji yake yalikuwa yamekwisha kupangiwa kazi nyingine. Bwawa lilipoanza kazi, maji yaliingizwa katika handaki la mitambo, na karibu sehemu tisa katika kumi za maji yaliyokuwa yakianguka korongoni zikaondoka. Manyunyu yakakoma. Majani yakaanza kukauka.

Watu wenye nia njema walihangaika. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani ili watunzwe katika bustani za wanyama. Korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji, na kiasi kidogo cha maji ya mto kikaachwa kipite. Kwa muda ikaonekana kwamba vyura wanapata nafuu; katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kuwa wapatao 20,000. Kisha, katika miezi michache, wakaanza kufa kwa wingi. Wataalamu waliwakuta na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi, ugonjwa uliokwisha kuangamiza vyura katika sehemu nyingi za dunia. Mwanzoni mwa mwaka 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole. Baada ya hapo hakuonekana hata mmoja, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Ndugu zangu, hebu tutulie hapa kidogo. Ni nani aliyemchukia chura huyu? Hakuna. Hakuna aliyemwinda, wala aliyeuza ngozi yake, wala aliyemwona kuwa adui. Mwenye kuchora ramani ya bwawa hakukusudia kuua, na mwenye kuchimba handaki alikuwa akitafuta riziki ya watoto wake. Hata hivyo, kiumbe ambacho Mungu alikilaza katika manyunyu ya Kihansi kwa karne zisizohesabika kilitoweka porini katika miaka michache ya kazi yetu halali. Faru aliponzwa na bei yake. Chura huyu hakuwa na bei yoyote, kwa hiyo hakuingia katika hesabu. Huyo, wapendwa, ndiye shomoro wa tano.

Najua kwamba wako wanaonisikiliza ambao sasa wanauliza: Je, padre, unataka kusema kwamba chura ni bora kuliko mama anayejifungua gizani katika zahanati? Kuliko mwanafunzi anayesoma kwa koroboi? Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Bwana wetu mwenyewe amelijibu katika mafundisho yaleyale ya shomoro, aliposema kwamba sisi tuna thamani kupita shomoro wengi. Mtu ni zaidi. Kanisa halijapata kufundisha vingine. Mama yule ana haki ya kupata taa, na serikali inayomletea taa inatenda kazi ya huruma. Huenda hata redio unayonisikiliza nayo mchana huu inapata nguvu yake kutoka maji ya Kihansi.

Lakini angalieni vema maneno ya Bwana. Hakusema kwamba kwa kuwa sisi tuna thamani zaidi, basi shomoro hana thamani. La hasha. Hoja yake yote imesimama juu ya thamani ya shomoro. Ikiwa Mungu anamjali huyu mdogo, atawajali ninyi zaidi sana. Mtu akiiondoa thamani ya shomoro, amelitoa jiwe la msingi ambalo juu yake Bwana ameijenga faraja yetu. Tena, hatukulazimika kumchagua mama na kumtupa chura. Mabomba ya kunyunyiza na yale maji machache yaliyoachwa yapite yanatuonyesha kwamba kulikuwa na nafasi ya kuwatafutia wote wawili riziki. Kilichokosekana ni swali lililoulizwa mapema: kabla ya kuyageuza maji haya, ni nani anayeishi kwa maji haya? Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kwa mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake, kutouliza ni kosa.

Naam, mali hii si yetu. Katika sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo, Mungu anamweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kisha anamletea wanyama mmoja mmoja ili awape majina. Kazi ya kwanza ya Adamu kwa wanyama ilikuwa kuwatazama na kuwajua. Na katika habari za Nuhu, Mungu hakumwagiza aingize safinani wale tu wenye nyama tamu au ngozi nzuri. Kila aina iliingia, mume na mke, hata watambaao juu ya nchi. Nuhu hakupewa ruhusa ya kuchagua kwa bei.

Hata viongozi wetu wa nchi waliliona jambo hili mapema. Mwezi wa Septemba mwaka 1961, taifa letu likikaribia uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko huko Arusha akikiri kwamba wanyamapori ni dhamana tuliyokabidhiwa, na kwamba tutafanya yote tuwezayo ili wajukuu wa watoto wetu nao waurithi utajiri huu. Na mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake uitwao Laudato Si', alifundisha kwamba haitoshi kuwatazama viumbe kama akiba ya kutumiwa na binadamu, kwa sababu kila kiumbe kina thamani yake chenyewe. Na akasikitika kwamba kwa ajili yetu maelfu ya aina za viumbe hawatamtukuza tena Mungu kwa kuwapo kwao. Fikirini neno hilo. Chura anapokoma kulia katika korongo lake, sauti moja imekosekana katika sifa za Mungu, na sisi hatuwezi kuiba nafasi yake na kuiimba.

Basi, wapendwa, tufanye nini katika parokia zetu na Jumuiya zetu Ndogo Ndogo? Wengi wetu hatujengi mabwawa. Lakini kila mmoja ana Kihansi yake ndogo.

Kwanza, tujifunze kuuliza. Kabla hujachoma pori ili majani mapya yaote, kabla hujakata kipande cha mwisho cha msitu kandokando ya chemchemi, kabla hujakausha kinamasi ulime mpunga, simama uulize: nani anakaa hapa? Waulize wazee. Mwulize mrina asali, anayeujua msitu kuliko sisi sote. Mwulize afisa wa misitu au wa wanyamapori. Na kama jumuiya ya kijiji inapanga mradi, wewe Mkristo uwe yule anayenyanyua mkono kikaoni na kuliuliza swali hilo, hata wakikucheka.

Pili, tuache njia za kuua zisizochagua. Mtego wa waya hauchagui. Humnasa swala dume, na mwenye mimba, na mbwa mwitu aliyekuwa akipita njia yake. Sumu iliyopakwa katika mzoga ili kumwua simba haimwui simba peke yake. Hushuka tumbusi wengi juu ya mzoga uleule, nao wanakufa hapohapo, wakati wao ndio wanaotusafishia nchi mizoga bila kudai mshahara. Baruti baharini haichagui; humwua samaki na kifaranga chake na mwamba aliozaliwa humo. Mvuvi apigaye baruti leo anamnyima mwanawe samaki wa kesho. Majuto ni mjukuu.

Hapa lazima niwageukie ndugu zetu wanaoishi mipakani mwa hifadhi. Ninyi ambao tembo ameingia shambani usiku mmoja na kula jasho la mwaka mzima, kilio chenu ni cha haki, wala hatuna ruhusa ya kuwahubiria upendo kwa wanyama huku tukiwaacha na njaa. Parokia iliyo jirani na hifadhi isimame pamoja nanyi mnapodai kifuta jasho chenu. Na iwasaidie kujaribu njia zilizokwisha kuonyesha manufaa katika nchi yetu na kwa majirani zetu Kenya, kama uzio wa mizinga ya nyuki, ambao tembo huuogopa na ambao humpa mkulima asali, au kamba zilizopakwa pilipili kuzunguka shamba. Tusisahau kwamba mzigo wa kuwatunza wanyama ni wa taifa zima; si haki ubebwe na maskini wa kijiji kimoja.

Tatu, nasema nanyi, wapendwa makatekista. Ninyi mnafundisha watoto majina ya mitume kumi na wawili na majina ya sakramenti saba. Wafundisheni pia majina ya ndege na wanyama wa mahali penu, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Mtoaji wa kipaimara hatamwuliza mtoto majina hayo. Lakini hiyo ndiyo kazi ya Adamu, nayo haijafutwa. Mtoto asiyelijua jina la ndege hataijua siku ambayo ndege huyo atakosekana. Watoeni watoto nje mara moja kwa mwezi baada ya mafundisho, mkasikilize kwa dakika chache tu ni nani wanaoishi karibu na kanisa lenu. Kisha mshukuruni Mungu kwa kuwataja mmoja mmoja.

Nimalizie habari za Kihansi, kwa maana haziishii mwaka 2009. Wale vyura waliopelekwa ng'ambo walikaribia kwisha nao, wakabaki wachache. Lakini kwa uvumilivu mkubwa wa watunzaji wao wakaongezeka tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa katika korongo lao la asili. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Ni mara chache sana mwanadamu kupewa nafasi ya pili ya namna hiyo. Lakini tuone pia gharama yake. Kazi ya kulilowesha korongo, ambayo mto uliifanya bure tangu kuumbwa kwake, sasa inategemea mabomba. Na mabomba yanahitaji mtu wa kuyatazama kila siku. Tulichokivunja kwa miaka michache tutakitunza kwa vizazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu hauna siku ya kumalizika. Na kwa viumbe wengine wengi hakuna aliyewahi kuchukua hata jozi moja ili warudi.

Siku ile Bwana atakapotuita tutoe hesabu ya uwakili wetu, huenda hatatuuliza kwanza juu ya wale wenye bei kubwa, kwa sababu hao hata watu wa dunia waliwahesabu. Atatuuliza juu ya wa tano. Na heri mtumishi atakayeweza kujibu: Bwana, nilimwona, nililijua jina lake, nami nilimwachia maji yake.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyeviumba vitu vyote vikubwa na vidogo, tunakushukuru kwa kuwa humsahau hata mmoja. Utupe macho ya kuwaona viumbe wako kabla hatujawapoteza, na ujasiri wa kuuliza kabla hatujatenda. Uwafariji wanaopata hasara kwa ajili ya wanyama, uwalinde wanaowalinda, na uwaongoze wenye mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi na maji yetu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakieni Dominika njema. Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima.